Barua ya wazi: Jina la mwenzangu kwenye hatimiliki halihitaji cheti cha ndoa

Kwa: Wakuu wanaosimamia usajili wa ardhi nchini Kenya, pamoja na wajumbe wa Bunge la Kitaifa na Seneti

Kutoka: Mwenye nyumba, Kiamunyi, Nakuru

KUH: KUMWANDIKISHA KWENYE HATIMILIKI MWENZA ASIYE MKE WALA MUME

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimegonga mwamba. Nimezungumza na makarani dirishani, nimemwandikia afisa anayewasimamia, na wakili wangu amemwandikia mkubwa wa afisa huyo, lakini hadi leo sijapata hata mstari mmoja wa jibu lililoandikwa. Afisi yenyewe sitaitaja. Wenzangu wa Kisumu na Kakamega wamenisimulia habari zinazofanana na yangu, na sitaki jambo hili lichukuliwe kuwa ugomvi wa mwalimu mmoja na karani mmoja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya upili. Ploti ninayoishi niliinunua kwa mkopo wa sacco nikiwa bado kazini, na hati ikatoka kwa jina langu peke yangu. Nyumba iliyo juu yake haikuwa ya mtu mmoja. Mwenzangu ni fundi wa ujenzi. Ndiye aliyechimba msingi, akasimamisha kuta na kupaua, na sehemu kubwa ya saruji na mabati aliinunua yeye wakati mshahara wangu ulipokuwa ukikatwa kulipia ploti. Tumeishi humo miaka mingi bila kufunga ndoa. Watoto wangu wawili, ambao ni watu wazima na ambao si wake, wamekubali kwa maandishi kwamba nusu ya mali hiyo iandikwe kwa jina lake. Mkopo ulimalizika na dhamana ya sacco ikaondolewa kwenye rejista. Hakuna anayedai wala anayepinga. Kilichobaki ni mwenye mali kumwandikia sehemu ya mali yake mtu aliyemchagua, na hapo ndipo tulipokwama. Malalamiko yangu ni haya.

1. Tunadaiwa cheti ambacho sheria haikukitaja.

Karani aliipitia fomu ya uhamisho ukurasa baada ya ukurasa. Akakagua nakala za vitambulisho, nambari za mlipakodi za KRA, picha za pasipoti na cheti cha kuonyesha kwamba kodi ya ploti imelipwa kwa kaunti. Kisha akachukua penseli, akaandika pembeni mwa fomu "ndoa?" na kupiga mstari chini yake mara mbili. "Mwalimu, lete cheti cha ndoa," akasema. Nikamweleza kwamba hatujaoana. "Basi lete barua ya chifu." Ya kuthibitisha nini? "Kwamba mnaishi kama mke na mume." Fomu hiyo ninayo mpaka leo, na neno hilo la penseli ndilo maandishi pekee niliyowahi kupata kutoka kwa afisi hiyo kuhusu ombi langu.

Kipengele cha 40 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata na kumiliki mali, ama peke yake ama kwa kushirikiana na wengine. Hakikusema kwamba hao wengine lazima wawe wake au waume. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 91, inaeleza jinsi watu wawili au zaidi wanavyoweza kumiliki ardhi moja, wala haisemi kwamba wamiliki wa mafungu, yaani kila mmoja akiwa na sehemu yake, lazima wawe na uhusiano wowote. Hata inasema kwamba hati ya uhamisho isipobainisha aina ya umiliki, wenye majina hayo watachukuliwa kuwa na mafungu sawa.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyopinduka. Lau ningefika dirishani na mnunuzi niliyekutana naye juzi kupitia kwa dalali, nikataka kumuuzia nusu ya ploti hiyo hiyo, hakuna ambaye angeniomba cheti cha ndoa yangu na mnunuzi. Karani angeniuliza kama nina mume ambaye ridhaa yake inatakiwa, na swali hilo ni la haki kabisa. Lakini kwa kuwa nimekuja na mtu aliyeijenga nyumba kwa mikono yake, uhusiano wetu unageuka kuwa kizuizi. Mgeni mwenye pesa anapita. Anayelala chini ya paa alilolipaua mwenyewe anaambiwa akatafute chifu.

2. Tunashauriwa vibaya katika jambo ambalo kosa lake huonekana mtu akishakufa.

Katika ziara nyingine karani tofauti, mwenye roho nzuri, alitaka kunisaidia. Alisema angeandika kwamba tunamiliki kwa pamoja, "ili atakayebaki achukue yote bila kesi." Huenda wengi wanaosoma barua hii wameambiwa vivyo hivyo, na baadhi yao wamelala usingizi wa amani wakiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Kifungu hicho hicho cha 91 kinasema kwamba tangu sheria hiyo ianze kutumika, umiliki wa pamoja ambao anayebaki hai hurithi fungu la aliyekufa moja kwa moja unaweza kuundwa baina ya wanandoa peke yao, isipokuwa mahakama iwe imetoa idhini. Watu wasiooana wakiuandika, sheria itauchukua kuwa umiliki wa mafungu. Maana yake ni kwamba mmoja wao akifariki, fungu lake haliendi kwa mwenzake. Linaingia katika urithi wake na kugawanywa pamoja na mali nyingine. Na Sheria ya Urithi, hasa baada ya marekebisho yaliyotiwa sahihi Novemba 2021, inamtambua mwenzi kuwa mke au mume ambaye ndoa yake inatambuliwa na Sheria ya Ndoa. Asiye na ndoa, hata kama amemuuguza marehemu miaka kumi, hana nafasi katika orodha ya warithi kama mwenzi.

Kwa hiyo mtu wa hali yangu anahitaji vitu viwili: jina la mwenzake kwenye hati kwa fungu lililoandikwa wazi, na wasia halali unaosema fungu lake mwenyewe liende kwa nani. Mimi nimekwisha kuuandika wangu. Lakini nililijua hilo kwa wakili, ambaye nilimlipa. Mama mboga wa sokoni anayemiliki chumba na mwenzake atalijulia wapi, ikiwa afisi inayopokea ada yake inamwambia kinyume?

Kuna ulinzi mwingine ndani ya kifungu hicho cha 91 ambao sijawahi kusikia ukielezwa dirishani. Mwenye fungu hawezi kuliuza wala kulihamisha kwa mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya mwenzake, ingawa ridhaa hiyo haipaswi kunyimwa bila sababu ya maana. Mwenzangu akiingia kwenye hati, mimi siwezi kumuuzia mtu nusu yangu kisirisiri, wala yeye hawezi kuniletea mgeni sebuleni. Watu wangeambiwa hivyo mapema, hofu nyingi za watoto na za koo zingepungua kabla hazijawa kesi.

3. Hatuelezwi gharama kamili.

Wanandoa wanaohamishiana ardhi wamesamehewa ushuru wa stempu. Sisi hatujasamehewa: mjini ni asilimia 4 ya thamani, mashambani asilimia 2, na hata zawadi huthaminiwa kana kwamba imeuzwa. Chukueni nyumba ya mjini ambayo mthamini wa serikali ameikadiria kuwa ya shilingi milioni 6. Kuhamisha nusu yake ni kulipa shilingi 120,000 za ushuru huo peke yake, kabla ya ada ya wakili na ya usajili. Kuna pia kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15 ya faida. Kodi hiyo haitozwi kwa makazi ambayo mwenyewe ameishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya uhamisho. Msamaha huo unanihusu moja kwa moja, na hakuna aliyenitajia.

Mimi sigombani na kodi. Serikali ikiona kwamba wanandoa wapewe nafuu ambayo wengine hawapewi, huo ni uamuzi wa watunga sheria na unaweza kujadiliwa. Ninachokataa ni kushauriwa, kama nilivyoshauriwa, kwamba "oaneni tu mwezi huu, mhamishe bila ushuru, kisha mtajua wenyewe." Mtumishi wa umma anayemwambia raia afunge ndoa ya kukwepa ushuru anakosea mara mbili, na sidhani ndoa iliwekwa iwe risiti ya ploti.

4. Tunakataliwa kwa mdomo.

Kipengele cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au huenda ikaathiriwa, na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015 ikaweka utaratibu wake. Niliomba sababu hizo. Nilijibiwa kwamba ombi langu halijakataliwa bali "halijakamilika," na lugha hiyo ni ya ujanja, maana ombi lisilokataliwa halina rufaa, na lisilokamilika linaweza kukaa ndani ya faili mpaka mwenyewe achoke. Msajili anao uwezo wa kisheria wa kudai nyaraka anazozihitaji, na siupingi. Lakini atumie kalamu yake: aandike anataka nini, kwa kifungu gani, ili kama amekosea nipate mahali pa kwenda.

5. Tunahojiwa mbele ya foleni.

Niliulizwa kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni kama "huyo bwana" ananilazimisha, kama wazee wa nyumbani wanajua, na kama yeye hana familia kwingine. Maswali mawili kati ya hayo yana maana yakiulizwa faraghani. La wazee halina. Katika kipengele cha 60 Katiba imeagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi, na sijui mwanamume mwenye hati aliyewahi kuulizwa kama wazee wamemruhusu.

Waheshimiwa, ninazijua sababu mtakazozitoa, na baadhi yake zina uzito.

Mtasema kwamba utapeli wa ardhi umekithiri na kwamba watu wenye umri wangu hudanganywa na wapenzi wakahamisha mali. Ni kweli, na sitaki mlinzi huyo aondolewe mlangoni. Lakini cheti cha ndoa hakizuii ulaghai. Walaghai wengi huoa kwanza. Sheria ya Usajili wa Ardhi, katika kifungu cha 45, imekwisha kuweka njia iliyo bora: anayethibitisha sahihi ahakikishe kwamba mtu ni yeye na kwamba ametia sahihi kwa hiari yake. Niiteni peke yangu katika chumba kilichofungwa, mniulize mnavyotaka, mwenzangu akisubiri nje. Nitajibu. Mkitaka, kila mmoja wetu aje na wakili wake.

Mtasema kwamba huenda kuna mke au mume aliyefichwa, na kwamba hamtaki kumtajirisha mpango wa kando kwa jasho la mke wa nyumbani. Nami sitaki. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuhamishwa bila ridhaa ya mwanandoa mwingine, na katazo hilo libaki. Dawa yake ni kiapo cha mwenye mali, mbele ya kamishna wa viapo, kueleza hali yake ya ndoa, naye akisema uwongo ashtakiwe. Mimi niko tayari kuapa leo. Kumtaka asiye na ndoa alete cheti cha ndoa ili kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine ni mantiki ambayo nisingeikubali katika insha ya kidato cha pili.

Mtasema pia kwamba mfumo wa kompyuta haukubali. Mfumo umetengenezwa na watu walio chini yenu.

Na wengine, kwa nia njema, watauliza: mbona msioane tu? Nimeulizwa hivyo kanisani, sokoni na katika mikutano ya chama. Sababu zetu ni zetu, ila nitasema hili kwa niaba ya wengi wasioweza kuandika barua. Wapo ambao talaka ya ndoa ya kwanza ingali mahakamani. Wapo wa dini mbili ambao kila upande unataka mwenzake abadili. Wapo ambao mahari haijaisha na wakwe hawataki kusikia habari ya cheti. Hao wote wanajenga, wanalipa kodi za kaunti, wanachimba visima. Nchi hii imejaa nyumba za aina hiyo, na sheria ya ardhi haikuwahi kusema kwamba zisiandikishwe.

Hapa nawageukia wabunge hasa. Mnamo tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja na kugombania nyumba ya Nairobi. Mahakama ilikataa kudhania kwamba walikuwa wameoana, ikasema dhana hiyo ya ndoa itumike kwa nadra sana. Lakini haikumwacha mtu aliyechangia aende mikono mitupu. Kwa misingi ya amana, yaani mwenye jina kwenye hati huwa amemshikia aliyechangia sehemu yake, ilitambua kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake, ikaigawa mali kwa asilimia 70 na 30. Kisha ikawataka wabunge wa mabunge yote mawili, wakishirikiana na Mwanasheria Mkuu, watunge sheria ya kushughulikia haki na wajibu wa watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu bila ndoa. Sheria hiyo bado tunaisubiri.

Angalieni basi hali inayobaki. Wawili wakipatana wakiwa hai na kutaka kuandikishana kwa hiari, afisi inawafukuza. Wakikosana, au mmoja akifa, milango ya mahakama iko wazi, mashahidi wataitwa, risiti za saruji za zamani zitatafutwa darini, na baada ya miaka jaji atakisia nani alichangia asilimia ngapi. Mimi leo ninaweza kuwaambia asilimia hiyo bila jaji: ni nusu kwa nusu, na mwenzangu yuko hapa kando yangu akikubali. Kwa nini taifa lipendelee kutuuliza tukiwa maadui?

Kwa walio nje ya mji niongeze neno moja tu. Ardhi ya kilimo, iwe Njoro, Rongai au Bahati, huhitaji kwanza idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na huko nako nimesikia wenza wakiombwa cheti hicho hicho. Maagizo yatakayotolewa yafike kwa bodi hizo pia, yasiishie kwa wasajili.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, wakuu wa usajili watoe mwongozo mmoja wa maandishi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ubandikwe katika kila afisi ya usajili, unaotaja nyaraka zinazohitajika mtu anapomwongeza mwenzake asiye mke wala mume kwenye hati, kiwango cha ushuru, misamaha iliyopo, na tofauti kati ya umiliki wa pamoja wa wanandoa na umiliki wa mafungu. Kama kuna kifungu kinachodai cheti cha ndoa, kitajwe humo kwa nambari yake, nami nitanyamaza. Pili, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo, zikiwa na jina na sahihi ya afisa. Tatu, maswali ya hiari na ya hali ya ndoa yaulizwe faraghani, na kiapo kipokewe. Nne, ombi langu, ambalo nambari yake na nakala za barua zote ziko kwa wakili wangu, liamuliwe: likubaliwe au likataliwe, lakini liamuliwe. Tano, wabunge walete mswada ambao Mahakama ya Juu iliwaomba, na watakapoandika vifungu vyake wafikirie kama mtu anayegawana nyumba yake ya kuishi na mwenza wa miaka mingi apaswa kutozwa ushuru sawa na mfanyabiashara wa viwanja.

Ombi la kwanza nimeliwasilisha rasmi pia chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa afisi ya umma siku 21 za kujibu. Muda huo umeanza kuhesabiwa tangu barua hii ilipopokewa na kugongwa muhuri.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu, mwenye hati
Kiamunyi, Nakuru

Nakala: Mwenzangu, ambaye jina lake linasubiri